Vifaa Havijibu Paneli: Kutafuta Hitilafu ya Mawasiliano kwenye Mfumo wa Kengele ya Moto

Paneli ikionyesha kwamba kifaa fulani hakijibu, wengi hukimbilia ngazi na kigunduzi kipya mkononi. Wakati mwingine dawa ni hiyo. Lakini hitilafu nyingi za mawasiliano hazimo ndani ya kifaa kilichotajwa. Zimo kwenye waya unaokifikia, kwenye anwani iliyowekwa vibaya, au kwenye umeme unaopungua njiani. Ukitaka kujua ni ipi kabla ya kulegeza skrubu hata moja, panga vifaa vilivyopotea kwa kufuata njia ya waya, si kwa kufuata namba za anwani. Umbo la upotevu ndilo linalokuelekeza pa kwenda.

Mwongozo huu unahusu mifumo yenye anwani, ile ambayo kila kigunduzi, kitufe cha dharura na moduli (kifaa kinachounganisha mfumo na swichi, ving'ora au milango) ina namba yake kwenye lupu, yaani mzunguko wa waya unaotoka kwenye paneli na kurudi. Mifumo ya kawaida isiyo na anwani ina tabia nyingine na haimo humu.

Jinsi paneli inavyozungumza na vifaa

Nyaya mbili za lupu hubeba umeme na data kwa pamoja. Zinatoka kwenye paneli, zinapita kifaa baada ya kifaa, kisha zinarudi kwenye paneli ileile. Paneli huita anwani moja baada ya nyingine, na kila kifaa hujibu kwa zamu yake kikitaja aina yake, hali yake na, kwa vigunduzi, kiwango kinachopimwa. Kwenye XP95, itifaki (lugha ya mawasiliano) ya mtengenezaji Apollo, kwa mfano, lupu hufanya kazi kati ya volti 17 na 28 za DC, na data hupandishwa juu yake kama mapigo ya volti 5 hadi 9. Kigunduzi kisafi huleta thamani ya karibu 25, na ikifika 55 paneli huhesabu kuwa ni moto. Watengenezaji wengine wana namba zao, ila kanuni haibadiliki: data inasafiri juu ya umeme, kwa hiyo kinachovuruga umeme kitavuruga data pia.

Paneli haitangazi hitilafu kifaa kinapokosa kujibu mara moja. Huita tena na tena kwanza. Kiwango cha Ulaya EN 54-2 kinataka hitilafu ionyeshwe ndani ya sekunde 100. NFPA 72 ya Marekani inaruhusu hadi sekunde 200. Hii ina maana mbili kwa fundi. Ukiunganisha au kukata kitu, subiri dakika tatu au nne kabla ya kuamua kwamba umefaulu au umeshindwa. Na kifaa kinachopotea kwa sekunde chache tu kisha kikarudi kinaweza kisionekane kwenye kioo cha paneli kamwe, ingawa siku ya moto sekunde hizo ndizo zinazohitajika.

Kabla ya kugusa chochote

Waarifu wasimamizi wa jengo na kituo kinachopokea taarifa za kengele kwamba kazi inaanza. Zima kwenye paneli matokeo yanayoweza kuleta madhara: mfumo wa gesi ya kuzimia moto kwanza kabisa, kisha lifti, milango ya sumaku na feni za moshi. Andika kila ulichozima kwenye karatasi, maana ndiyo orodha utakayoitumia kurudisha. Sehemu ya jengo isiyolindwa inahitaji mtu wa kuizungukia. Kwa majengo yanayofuata NFPA 101, kanuni ya Marekani ya usalama wa watu majengoni, mfumo ukiwa nje ya kazi zaidi ya saa 4 ndani ya saa 24, mamlaka lazima ijulishwe, na jengo liwekewe lindo la moto au lihamishwe watu.

Kisha toa kumbukumbu ya matukio na uisome kuanzia tukio la zamani zaidi. Kitu kilichotokea kwanza kina thamani kuliko kilichopo kwenye kioo sasa. Ukikuta hitilafu ya ethi iliyokuja na kuondoka kwa wiki mbili kabla vifaa havijaanza kupotea, umeshapata nusu ya jibu: kuna unyevu au waya uliochubuka.

Jambo moja lisifanywe hata kidogo: usiiamuru paneli isome upya lupu na kujisajilia vifaa inavyoviona. Lupu ikiwa na hitilafu, paneli itasajili tu vile vinavyojibu, na vilivyopotea vitafutwa. Kioo kitakuwa safi, taa ya hitilafu itazimika, na vyumba vile vitabaki bila ulinzi pasipo mtu yeyote kujua. Hifadhi nakala ya programu iliyopo kabla ya kubadilisha lolote.

Soma umbo la upotevu

Chukua mchoro wa mfumo kama ulivyofungwa kweli, weka alama kila kifaa kisichojibu, kisha angalia:

- Kifaa kimoja tu, na majirani zake pande zote mbili wanajibu: tatizo liko kwenye kifaa hicho, kitako chake (sehemu iliyofungwa darini yenye skrubu za waya), anwani yake, au tawi linalokilisha peke yake.
- Vifaa kadhaa vinavyofuatana kwenye waya, vilivyo kati ya aisoleta mbili (vifaa vinavyotenga kipande cha lupu chenye shoti): shoti kati ya aisoleta hizo, au waya umekatika sehemu mbili.
- Paneli inalalamika lupu imekatika, lakini vifaa vyote vinajibu: waya umekatika mahali pamoja.
- Vifaa vilivyotawanyika, kila mara vingine: volti ndogo, muingiliano wa umeme, anwani zinazogongana au viungo vilivyolegea.
- Lupu nzima kimya: kadi ya lupu (bodi ndani ya paneli inayoiendesha), umeme wa paneli, au shoti kabla ya aisoleta ya kwanza.

Kama hakuna mchoro, utautengeneza mwenyewe kwa kukata lupu upande mmoja na kuangalia vinavyopotea, kama itakavyoelezwa chini. Ni kazi ndefu, ila bila mchoro huo utakuwa unabahatisha.

Kifaa kimoja hakijibu

Tazama taa ya kifaa kwanza. Vifaa vingi humulika taa ndogo kila vinapoitwa, ingawa baadhi ya mifumo huzima mumuliko huo kwenye programu. Ikiwa taa inamulika lakini paneli inasema hakuna kitu, kifaa kiko hai ila kinajibu kwa anwani nyingine. Ikiwa imezima kabisa huku za jirani zinamulika, umeme hauingii ndani yake.

Ondoa kichwa (sehemu ya kigunduzi inayochomekwa kwenye kitako) na ukirudishe, ukikizungusha hadi kigote mwisho. Kichwa kilichoshika nusu hukaa vizuri kwa macho, lakini pini zake zinagusa kwa ncha tu. Kikiendelea kukaa kimya, angalia vibati vya kugusia ndani ya kitako: huwa vinapinda vichwa vikilazimishwa, au vinafunikwa na rangi baada ya dari kupakwa. Kibati kilichopinda huinuliwa kwa bisibisi nyembamba. Kilichopakwa rangi au kilichoota kutu ya kijani, badilisha kitako chote.

Pima volti kwenye skrubu za kitako, upande wa kuingilia na wa kutokea. Ukiweka multimita kwenye DC utaona namba inayoyumba kidogo. Kuyumba huko ni data inayopita. Namba iliyotulia kabisa maana yake umeme upo lakini paneli haiiti. Sifuri maana yake umeme haufiki. Angalia pia chanya na hasi. Kuna vifaa visivyojali mwelekeo, lakini vingi, hasa vyenye aisoleta ndani, havitafanya kazi vikifungwa kinyume, au vitafanya kazi kwa upande mmoja tu wa lupu.

Jaribio la mwisho ni kubadilishana: weka pale kichwa cha aina ileile unachojua ni kizima, chenye anwani ileile. Kikijibu, kile cha zamani kimekufa. Kisipojibu, acha kununua vichwa. Tatizo liko kwenye waya au kitako.

Paneli ikisema aina ya kifaa si sahihi, mawasiliano yapo. Mtu ameweka kigunduzi joto mahali pa kigunduzi moshi, au kifaa cha kizazi kingine cha itifaki. Usibadilishe programu ili ikubaliane na kilichowekwa kabla ya kujua kwa nini chumba kile kilipangiwa aina ya kwanza.

Anwani zinazogongana

Vifaa viwili vyenye anwani moja hujibu kwa wakati mmoja, na paneli husikia sauti mbili zilizochanganyika. Baadhi ya paneli hutambua na kutaja wazi. Nyingine huonyesha thamani za ajabu, au kifaa kinachopotea na kurudi, na fundi huanza kutafuta waya uliolegea ambao haupo.

Chukua swichi ndogo za kuwekea anwani, ambazo thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Anwani 37 ni 32 na 4 na 1. Swichi ya 4 isiposukumwa hadi mwisho, kifaa kinakuwa 33. Paneli itatoa hitilafu mbili zinazoonekana hazihusiani: 37 haijibu, na 33, ambayo huenda iko ghorofa nyingine kabisa, inagongana. Kwa hiyo ukikuta anwani moja imepotea na nyingine imeanza kusumbua siku hiyohiyo, piga hesabu ya tofauti yao. Ikiwa ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64, nenda moja kwa moja kwenye swichi. Kumbuka pia kwamba kuna watengenezaji wanaohesabu swichi iliyozimwa kuwa ndiyo yenye thamani, kwa hiyo soma maelekezo ya kifaa husika. Kwa vifaa vya kuzungusha namba, makosa ni mawili: kugeuza makumi na mamoja, 37 ikawa 73, au kuacha mshale katikati ya tarakimu mbili.

Kuthibitisha mgongano ni rahisi. Ng'oa kifaa unachokijua chenye anwani hiyo, subiri, kisha angalia paneli. Kama anwani bado inajibu, kuna mwingine anayejibu kwa niaba yake. Kisha ng'oa vichwa kimoja kimoja vilivyoguswa karibuni: vilivyosafishwa, vilivyobadilishwa, vilivyoondolewa wakati wa kupaka rangi.

Hapa kuna hatari inayozidi hitilafu yenyewe. Vichwa vyenye anwani ndani yake vikiondolewa vyote kwa ajili ya usafi na kurudishwa ovyo, hakuna anwani itakayopotea wala kugongana. Paneli itakuwa kimya. Lakini moshi wa ghorofa ya kwanza utatangazwa kuwa uko ghorofa ya tatu, na zimamoto watapandishwa mahali pasipo na moto. Mifumo ambayo anwani hukaa kwenye kitako, kama ile ya kadi ya XPERT ya Apollo, haina hatari hii. Kwa mingine, bandika namba kwenye kichwa na kwenye kitako kabla ya kung'oa cha kwanza.

Waya uliokatika

Lupu ikikatika mahali pamoja, paneli hulisha kutoka pande zote mbili na hakuna kifaa kinachopotea. Ndiyo maana hitilafu hii hupuuzwa kwa miezi, mpaka waya unapokatika mahali pa pili na kila kilicho katikati kinatoweka.

Kuipata hakuhitaji kifaa maalumu. Chomoa kwenye paneli nyaya za kurudi, ukiacha za kutoka tu. Vifaa vilivyo baada ya mkatiko vitapotea vyote. Fuata mchoro kwa mpangilio wa waya: mkatiko uko kati ya kifaa cha mwisho kinachojibu na cha kwanza kisichojibu. Rudisha, kisha fanya kinyume chake kwa kuchomoa za kutoka. Majibu mawili yakikutana kwenye kipande kimoja cha waya, umemaliza kutafuta. Yakiacha vifaa katikati ambavyo havijibu kwa upande wowote, kuna mikatiko miwili.

Kwa waya wenyewe, pima ukinzani. Chomoa ncha zote nne kwenye paneli, kisha pima chanya ya kutoka hadi chanya ya kurudi, halafu hasi kwa hasi. Shaba ya milimita 1.5 za mraba ina omu 12.1 kwa kilomita, na ya 2.5 ina 7.41, kwa nyuzijoto 20. Lupu ya mita 800 ya 1.5 itasoma karibu omu 9.7 kwa kila waya, pamoja na kidogo kinachoongezwa na kila aisoleta. Nyaya hizi mbili zinatembea pamoja, kwa hiyo namba zao zikaribiane. Chanya ikisoma 10 na hasi 17, una kiungo kibovu kwenye hasi hata kama vifaa vyote vinajibu leo. Aisoleta nyingi huvunja upande mmoja tu, kwa hiyo tofauti ndogo inayolingana na idadi yake si kasoro.

Shoti, na kazi ya aisoleta

Shoti ikitokea, aisoleta mbili zilizo karibu nayo hufunguka na kutenga kipande hicho. Nyingi huwasha taa ya njano. Tembea ukizitafuta taa hizo mbili. Shoti iko katikati yake. EN 54-2 haikubali hitilafu moja ya waya ipoteze zaidi ya vigunduzi na vitufe 32. Ukiona vimepotea zaidi ya hapo, aisoleta hazitoshi, zimefungwa vibaya au zimekufa, na hilo ni tatizo la pili la kuandika kwenye ripoti.

Ndani ya kipande chenye shoti, gawanya nusu kwa nusu. Fungua waya kwenye kifaa cha katikati, angalia ni upande gani bado una shoti, kisha gawanya upande huo tena. Kipande chenye vifaa 16 huhitaji kufunguliwa mara nne tu. Ukitaka kukadiria umbali, pima ukinzani kati ya chanya na hasi kwenye kipande hicho. Omu 6 kwa waya wa 1.5 ni 6 kugawanya kwa 24.2 (omu 12.1 kwa kilomita, mara mbili kwa kwenda na kurudi), yaani karibu mita 250, kama shoti yenyewe imeshikana vizuri. Lakini usipime hivi kupitia aisoleta, kwa sababu zilizofunguka huficha kilichoko ng'ambo. Geuza pia ncha za multimita na upime tena, maana vifaa vina sehemu zinazopitisha umeme upande mmoja.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale mkono wa mtu ulipofika: skrubu ya kitako iliyotoboa ganda la waya, ncha ya shildi (ganda la foili au nyuzi linalofunika waya) iliyoachwa ndefu ikagusa waya wa jirani, kiboksi ambacho mfuniko wake umebana nyaya, na msumari au drili ya aliyefunga kabati juzi.

Hitilafu ya ethi

Waya mmoja wa lupu ukigusa ethi, mawasiliano huweza kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Wa pili ukigusa mahali pengine, una shoti kupitia chuma cha jengo, ambayo aisoleta zinaweza zisiitenge vizuri kwa sababu ncha zake mbili ziko mbali. Usiiache ya kwanza.

Usidhani ni lupu. Paneli mara nyingi ina sehemu moja tu inayochunguza ethi kwa mfumo mzima: lupu, ving'ora, umeme wa ziada wa volti 24, betri. Chomoa mzunguko mmoja, subiri hitilafu iondoke, rudisha, nenda kwenye unaofuata. Ukishajua mzunguko, pima ukinzani wa kila waya hadi ethi ukiwa umechomolewa kwenye paneli. Multimita isionyeshe chochote, au ionyeshe megaomu nyingi. Kilo-omu kadhaa zinazobadilika ukitazama ni dalili ya maji.

Kipima insulesheni cha volti 500 ni chombo kizuri kwa waya usio na vifaa: kiwango cha Uingereza BS 5839-1 kinataka angalau megaomu 2. Lakini volti 500 huua vifaa. Kabla ya kukitumia chomoa lupu kwenye paneli, ng'oa vichwa vyote, tenga moduli na ving'ora, na usisahau vitako vyenye aisoleta, ambavyo elektroniki yake iko ndani ya kitako na haiondoki na kichwa.

Shildi huungwa na ethi mahali pamoja tu, kwa kawaida kwenye paneli. Katika kila kitako liendelezwe, lizungushiwe tepu, lisiguse kiboksi cha chuma.

Hitilafu inayokuja na kupotea

Hii ndiyo inayochosha mafundi wengi, na dawa yake huanza kwenye kalamu. Andika saa za kila tukio kutoka kwenye kumbukumbu ya paneli, kisha linganisha na ratiba ya jengo: pampu zinawashwa lini, lifti kubwa inatumika lini, mvua ilinyesha lini, jua linapiga paa saa ngapi. Matukio ya saa nane mchana kwenye vifaa vya chini ya paa ni kiungo kinachotanuka kwa joto. Matukio ya alfajiri baada ya mvua ni maji ndani ya kiboksi cha nje.

Viungo: vuta kila waya kwa vidole kwenye skrubu yake. Waya wa nyuzi nyingi uliobanwa nusu ya nyuzi zake tu, au nyaya mbili za unene tofauti chini ya skrubu moja, ambapo mnene hubeba kibano na mwembamba unabaki umelegea, ndivyo visa vya kawaida.

Muingiliano: waya wa lupu usitembee sambamba na nyaya za umeme mkubwa. Nafasi ya milimita 300 hutumiwa sana kama kiasi cha chini, na pale lazima zipishane, zipishane kwa pembe mraba. Vidhibiti mwendo vya mota ndivyo wasumbufu wakubwa. Ukiweza kuzima mota inayoshukiwa na hitilafu ikatulia, umepata ushahidi kuliko kwa kipimo chochote.

Kwa osiloskopu, chombo kinachochora umbo la volti kwenye skrini, utaona zaidi. Mapigo yawe na kingo zilizosimama. Kingo zilizolala, kama vilima, zinaonyesha kapasitansi kubwa (waya unahifadhi chaji na kuchelewesha mapigo): waya mrefu mno, aina isiyofaa, au matawi mengi. Miiba juu ya mapigo ni muingiliano. Mapigo safi yaliyoshuka yote kwa pamoja ni volti ndogo. Tumia osiloskopu ya mkononi inayotumia betri. Ile inayochomekwa kwenye soketi ina klipu iliyoungwa na ethi, na ukiishika kwenye lupu utatengeneza hitilafu ya ethi wewe mwenyewe.

Volti: kuna mifumo ambayo ni mizima siku zote, ila vifaa vya mbali hupotea pindi kengele inapolia. Sababu ni mzigo. Ving'ora vya kwenye lupu na taa zikiwaka, ampea huongezeka na volti hudondoka njiani. Kokotoa kwa hali mbaya zaidi, yaani lupu imekatika karibu na paneli na umeme wote unapita upande mmoja. Mita 1,000 za waya wa 1.5 zina omu 24.2 kwenda na kurudi. Mzigo wa ampea 0.3 mwishoni hupoteza volti 7.3, ukianza na 28, kifaa cha mwisho kinapata 20.7, na inatosha kwa kile kinachohitaji 17. Mzigo ukiwa 0.5, upotevu ni 12.1 na kifaa kinapata 15.9. Hakitajibu. Dawa ni waya mnene zaidi, kugawanya lupu, au kuvihamishia ving'ora kwenye umeme wao wenyewe. Pima volti kwenye kifaa cha mbali kengele ikiwa inalia, siyo mfumo ukiwa umetulia.

Moduli: hitilafu inayofanana lakini siyo

Moduli inayosema ingizo lake limekatika inawasiliana vizuri kabisa. Inalalamikia waya ulio nyuma yake. Angalia rizista ya mwisho wa laini, ambayo moduli huitumia kujua kwamba waya haujakatika. Thamani yake hutegemea mtengenezaji, na kosa la kawaida ni kuchanganya kilo-omu 47 na 4.7: ya kwanza ina mistari ya njano, zambarau na machungwa, ya pili njano, zambarau na nyekundu. Kwenye mwanga hafifu wa juu ya dari, machungwa na nyekundu ni kitu kimoja. Pima kwa multimita kabla ya kuifunga. Na iwekwe kwenye swichi ya mwisho kabisa. Rizista iliyofungwa kwenye moduli yenyewe huifurahisha paneli huku waya mzima hadi kwenye swichi hauchunguzwi.

Moduli za kuendesha ving'ora au milango huhitaji pia volti 24 za nje. Zikikosekana, paneli itatoa hitilafu ingawa lupu haina kosa. Nenda kwenye fyuzi ya umeme huo.

Lupu nzima kimya

Tenganisha paneli na jengo. Chomoa nyaya zote nne za lupu, kisha kwenye kadi funga kipande kifupi cha waya kutoka upande wa kutoka hadi wa kurudi, chenye kifaa kimoja kizima na anwani iliyopo kwenye programu. Kikijibu, kadi ni nzima na tatizo liko jengoni. Kisipojibu, zima paneli, umeme mkuu na betri zote mbili, chomoa kadi, angalia pini, irudishe. Bado? Badilisha kadi.

Pima umeme wa paneli pia. Betri mbili za volti 12 kwa mfululizo huchajiwa kwa karibu volti 27. Zima umeme mkuu na tazama: volti ikiporomoka ndani ya dakika chache, betri zimechoka, na lupu zote zitaanza kupoteza vifaa umeme wa jengo ukikatika.

Paneli zinapokosa kusikizana

Mitandao mingi ya paneli hutumia RS-485, njia ya kusafirisha data kwa nyaya mbili ziitwazo A na B. Zima umeme wa paneli zote na upime kati ya nyaya mbili za data. Rizista mbili za omu 120, moja kila mwisho, hutoa omu 60. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna ya tatu mtu aliiacha katikati. Kisha hakikisha A na B hazijageuzwa, na hakuna paneli mbili zenye namba moja.

Baada ya kutengeneza

Puliza moshi wa majaribio kwenye kila kifaa ulichogusa na usome jina la mahali kwenye kioo, neno kwa neno. Kisha fungua waya mmoja wa lupu makusudi: vifaa vyote viendelee kujibu na paneli ionyeshe lupu imekatika tu. Weka shoti ya makusudi kati ya aisoleta mbili na uhesabu vinavyopotea. Viwe vile vya kipande hicho, na virudi vyote shoti ikiondolewa. Washa kengele ukiwa kwenye umeme wa betri.

Rudisha kila ulichozima kwa kufuata karatasi ya mwanzo, mfumo wa gesi ukiwa wa mwisho, baada ya paneli kuwa safi. Arifu kituo. Weka alama ya kiungo kipya au waya uliobadilishwa kwenye mchoro, na upitie kumbukumbu ya matukio tena baada ya saa 24, kwa sababu hitilafu ya joto au unyevu inahitaji mzunguko kamili wa mchana na usiku kujitokeza.